Hapa Hatutangazi Kifo

Jumamosi, 6 Mei 2006

Barua ya Mwalimu haikuja.

Muturi, mwenye saiba, duka la intaneti ninakokuja kusoma, alisema labda mtandao ni mzito kwa sababu ya mvua. Nikafunga, nikafungua tena. Ya mwisho bado ni ile ya wiki iliyopita: "Habari za Jumamosi, Wanamundu. Huku Myanga mahindi yamefika magotini na baridi imefika kwenye mifupa. Vaeni soksi hata mkichekwa."

Mwalimu Wakoli simjui kwa sura. Ndiye msimamizi wa Wanamundu, kikundi cha barua pepe cha watu wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu uitwao pia selimundu, na wazazi wao. Ukiandika jambo, linamfikia yeye kwanza, au Sista Rosaline, muuguzi wa Saboti anayemsaidia. Wakiona ni la kweli na halitamdhuru mtu, wanaliachilia, nasi wote tunalisoma. Mimi husoma tu. Sijawahi kuandika hata salamu.

Mwalimu mwenyewe ana sikoseli. Ana mke, ana watoto, anafundisha darasa la saba, na ana mvi ambazo anajivunia kuliko vyeti vyake. Nilipokuwa mdogo nilimsikia shangazi akimwambia Mama jikoni, "Hawa huwa hawavuki." Hakusema hawavuki nini. Mwalimu ndiye mtu wa kwanza niliyemjua ambaye amevuka.

Labda anaumwa kidogo. Ataandika wiki ijayo.

Jumanne, 9 Mei

Mvua. Jaribio la Kemia. Nimevaa soksi juu ya soksi, na Sally wa dawati la nyuma akauliza mbele ya kila mtu kama naelekea kupanda Mlima Elgon.

Jumamosi, 13 Mei

Hakuna barua ya Mwalimu. Kuna ya Sista Rosaline, nami nimeisoma mara nyingi mpaka naikumbuka kwa moyo:

"Wapendwa, sitaweza tena kusimamia kikundi. Nimeondoa kizuizi. Kuanzia leo ukiandika, barua yako itatoka moja kwa moja. Msiniulize lolote. Mnaijua kanuni. Mungu awalinde."

Kanuni iko juu kabisa ya ukurasa wetu, Mwalimu aliiweka: Hapa hatutangazi kifo. Kuna watoto wanaosoma. Mtu akituacha, Mwalimu huliondoa jina lake kwenye orodha ya wanachama, kimya, kisha huiandikia familia faraghani. Hakuna anayeuliza. Mwaka jana kulikuwa na msichana wa Kimilili aliyependa kutuandikia vitendawili. Siku moja jina lake halikuwepo. Nilidhani amechoka na sisi. Nilichelewa sana kuelewa.

Leo nilitafuta jina la Mwalimu kwenye orodha. Lipo. Nilipumua. Halafu, nikiwa tayari barabarani, nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyaondoa majina. Nani angeliondoa lake?

Jumapili, 14 Mei

Mama husikiliza matangazo ya vifo redioni baada ya taarifa ya habari, akipika. Mimi kwa kawaida hutoka jikoni. Leo nilivuta kigoda nikakaa karibu na redio.

"Wewe leo unamtafuta nani?" Mama akauliza.

"Hakuna."

"Basi kama hakuna, songa huu ugali."

Wametaja watu wa Malakisi, wa Chwele, wa Sirisia. Hawakutaja Myanga. Lakini si kila familia hupeleka tangazo.

Jumamosi, 20 Mei

Kikundi kimekuwa kama soko lisilo na askari. Kuna mtu anajiita Daktari Mkombozi. Ameandika barua ileile tena na tena: tupa vidonge vya hospitali, vinakula damu, nina mizizi inayogeuza damu mbaya kuwa nzuri. Zamani barua kama hiyo isingetufikia. Sasa imekaa katikati ya barua zetu kama mgeni aliyekaribishwa.

Hiram wa Molo, yule wa chuo ambaye hufanya mzaha kila mara, aliandika: "Jamani, tusikae kama kuku walionyeshewa. Kuanzia leo, kila Jumamosi kila mtu aandike neno moja: Nipo. Mimi nitaweka orodha. Hivyo tutajuana bila kuvunja kanuni." Watu wakaanza kuitikia. "Nipo." "Nipo, asante Hiram." "Nipo, na Joy yupo." Huyo ni mama wa Webuye, mtoto wake Joy anaingia darasa la kwanza mwakani.

Nimeandika. Neno moja, na vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho.

"Daktari!" Muturi akapaza sauti kutoka kaunta. "Leo umeandika bana! Nilidhani hiyo kibodi huwa unaiogopa."

Ananiita Daktari kwa sababu kila nikija nasoma magonjwa. Hajui ni ugonjwa wa nani.

Jumamosi, 27 Mei

Nipo.

Mama Joy aliuliza kama mtoto ameze vidonge hata siku ambazo anacheza vizuri. Swali lilikaa tangu Jumatano bila jibu. Mwalimu angemjibu siku hiyohiyo. Nilingoja mtu mwingine amjibu, hakuna. Basi nikaandika: "Kila siku, Mama Joy, hata akiwa mzima. Foliki na kile cha malaria. Mimi nina miaka kumi na sita na nameza kila siku. Edah wa Kitale." Nikabonyeza kabla sijabadili nia. Akajibu, "Asante mwanangu. Wewe sasa ndiye nitakuangalia."

Natamani asiniangalie mimi.

Jumamosi, 3 Juni

Nipo. Wengine hawakuitikia leo. Hiram ameweka orodha mpya na majina yao hayamo. Hakuna aliyeuliza. Nami sikuuliza.

Jumatano, 7 Juni

Baridi. Goti la kushoto.

Jumatano, 21 Juni

Nimerudi nyumbani jana. Mkono bado una alama za dripu, kwa hiyo naandika polepole.

Maumivu yalianza na goti, yakaenda nyonga, kisha mgongo. Watu huuliza yakoje maumivu haya na sijui kujibu. Ni kama mtu mzito ameingia ndani ya mifupa yako na mizigo yake na anatafuta mahali pa kukaa. Mama alinibeba mpaka barabarani mvua ikinyesha, mimi niliyemzidi kimo. Mama hasemi akiogopa, huhesabu kwa midomo tu, sijui anahesabu nini.

Wodini, siku nilipoanza kupata nafuu, daktari alikuja na wanafunzi wake. Akaniuliza umri. Nikamwambia. Akawageukia: "Mnaona? Huyu amefika kumi na sita." Alisema kama mtu anayeonyesha mbuzi aliyenusurika mafuriko. Mwanafunzi mmoja akanitabasamia. Niligeukia ukuta.

Nilikuwa namfikiria Mwalimu kila maumivu yakipanda. Zamani nilikuwa najiambia: Mwalimu amepita hapa, akatoka, akaenda kufundisha hesabu. Safari hii nilijaribu kusema hivyo na maneno yakakataa. Kama yeye pia hakutoka, basi shangazi alijua alichosema.

Baba alifika kutoka Malakisi, anakofanya kazi ya tumbaku, akiwa bado na harufu ya tumbaku kwenye koti. Alikaa miguuni pangu akanishika visigino, vyote viwili, mpaka muda wa wageni ukaisha.

Jumamosi, 24 Juni

Sijui niandikeje hili.

Nilienda saiba nikitembea kama bibi kizee. Nikafungua. Orodha ya Hiram iko juu, mpya, ya wiki iliyopita. Huwa nakaa katikati ya Damaris wa Kapsabet na Eliud wa Kapenguria. Sasa Damaris na Eliud wamekaribiana. Mimi simo.

Nilisoma kila kitu tangu nilipolazwa. Kuna mzaha wa Hiram kuhusu chakula cha chuo. Kuna Daktari Mkombozi. Kuna mtu anauliza juu ya miwani. Hakuna aliyesema Edah yuko wapi. Walikuwa na heshima, walifuata kanuni. Hivi ndivyo msichana wa vitendawili alivyoondoka, na nilikuwa nimekaa kiti hikihiki, nikisoma habari nyingine.

Kisha nikafika kwenye barua ya Mama Joy, ya Alhamisi, kwa Daktari Mkombozi:

"Daktari, nitumie hiyo mizizi. Kulikuwa na msichana hapa, alikuwa anameza vidonge kila siku, yeye mwenyewe aliniambia. Sasa hayupo kwenye orodha. Kama havikumsaidia yeye, vitamsaidia nini Joy wangu? Nimeviweka kando."

Nilianza kuandika. "Mama Joy nipo, nililazwa tu, mrudishie Joy vidonge leo, usingo" na skrini ikawa nyeusi.

"Wameenda na stima yao," Muturi akasema gizani.

"Itarudi saa ngapi?"

"Hao? Uliza Mungu."

Nikasema lazima nitume barua. Akasema hata yeye ana wateja. Nikasema tena lazima, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, halafu nikaanza kulia mbele ya watu wote. Muturi akatoka nyuma ya kaunta akiwa na kikombe cha chai mkononi, hajui akiweke wapi. "Haki Edah," akasema. Sikujua kwamba analijua jina langu. "Si ni barua tu?"

Nikamwambia kuna mtoto. Nikamwambia kila kitu, pamoja na ugonjwa ni wa nani. Akanisogezea kile kikombe. Tukakaa mpaka jioni, stima haikurudi.

Jumatatu, 26 Juni

Nimetuma, baada ya shule. Nimeandika mara tatu ili aone moja.

Jumatano, 28 Juni

Mama Joy hajajibu. Hiram amejibu: "Edah?! Nisamehe. Nilifuata tu kanuni." Amenirudisha kwenye orodha. Mama Joy pengine haji saiba mpaka wiki ijayo, au haji tena. Simu yake sina. Hakuna mwenye simu za familia isipokuwa Mwalimu.

Alhamisi, 29 Juni

Kesho tunaanza mapumziko ya katikati ya muhula. Nimemwomba Mama anipeleke Myanga.

"Ati Myanga? Kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Wakoli."

"Umetoka hospitali juzi, na hii baridi. Huyo Mwalimu ni nani wako?"

Nikamweleza. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipofika kwa Joy mikono yake ikasimama. "Na mama yake ameviacha kabisa?" Nikasema ndiyo. "Kwa sababu alidhani wewe umekufa?" Nikasema ndiyo. Mama akasukuma sinia kando. "Vaa sweta mbili," akasema. "Tutatoka mapema."

Jumamosi, 1 Julai

Tulilala kwa binamu wa Mama, Bungoma mjini, kwa sababu jana mvua ilitukuta. Naandikia hapa sebuleni kwake kabla hawajaamka.

Pale Myanga sokoni kila mtu anamjua Mwalimu. Mama alimuuliza mwanamke aliyekuwa akipanga ndizi, naye akatutazama, akatazama sweta zangu, akasema, "Fuateni ua wa lantana mpaka kwenye shule. Ni boma la kwanza." Akarudia ndizi zake.

Watoto walitoka kutupokea. Vichwa vyao vilikuwa vimenyolewa, nywele zimeanza kuota, fupi, za urefu mmoja wote. Kisha mama yao akatokea mlangoni akifunga kitambaa, na kabla hajamaliza kukifunga nikaona kwamba nywele zake nazo ni za urefu uleule. Hakuna aliyelazimika kuniambia. Mama akanishika kwapani.

"Karibu, mayi," mjane akaniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Wewe ni mmoja wao, sivyo? Wale wa kompyuta."

Alituwekea chai. Mwalimu alifariki mwanzoni mwa Mei. Kifua kilibana usiku wakampeleka hospitali, akapambana siku chache. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Shule ilifungwa siku ya mazishi, kwaya ya kanisa iliimba, wakuu wa elimu walihutubia. Myanga nzima ilijua. Nilifikiri: mahali pekee ambapo hapakujua ni pale alipokuwa akikaa kila Jumamosi.

"Kwa nini hamkutuambia?" nikauliza. Mama alinikanyaga chini ya meza.

"Hiyo kanuni ni yake. Aliniambia akiwa kitandani, 'Hata mimi nikienda, msiandike. Watoto wanasoma.' Sista Rosaline alikuja kwenye mazishi. Akaniuliza, nifanye nini? Nikamwambia, neno la marehemu ni neno. Alilia huyo mama, wee. Akasema basi hataweza kukaa huko akiwadanganya."

Nikamweleza habari ya orodha na ya Joy. Niliongea nikiangalia kikombe. Nilipomaliza alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na simu ya Mwalimu. Alikuwa ameiweka na chaji. Sikumuuliza kwa nini.

Tukapata jina: Mama Joy Webuye. Nikapiga.

Ilipokelewa mara moja, na mtu akapiga ukelele hata Mama akausikia kutoka upande wa pili wa meza. "Mwalimu! Mwalimu, uko hai! Asante Yesu, Mwalimu!"

Ni kosa letu wenyewe. Tulipiga kwa simu yake, na jina lake ndilo lililotokea kule.

"Si Mwalimu," nikasema. "Ni Edah. Edah wa Kitale."

"Edah gani?"

"Wa vidonge. Nililazwa. Sikufa, Mama Joy. Ningali nameza kila siku. Joy yuko wapi?"

"Joy..." Sauti yake ikashuka. "Joy ana homa tangu jana. Nilikuwa nangoja mizizi ifike." Kisha, "Mwalimu yuko wapi? Kwa nini una simu yake?"

Nikamtazama mjane. Sikuwa na haki ya kulisema, na sikuwa na uongo wa kusema. Alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Mimi ni mke wake," akasema. "Mwalimu alituacha mwezi wa tano. Ndiyo. Ndiyo, dada." Alisikiliza sana. Halafu akasema kwa ukali, kama anayemkemea mdogo wake, "Hapana. Usilie sasa. Mtalia baadaye, mimi na wewe. Yule mtoto mpeleke hospitali sasa hivi, unanisikia? Mfunge mgongoni uende. Angekuwa hapa angekuambia hivyohivyo."

Alipokata simu aliishika kifuani. Akaniambia, "Basi nimelivunja. Wewe kaandike lililobaki."

Nilinakili nambari zote.

Jumatano, 5 Julai

Mama Joy hapokei simu. Sili.

Alhamisi, 6 Julai

Sally ameuliza kwa nini ninasali wakati wa Jiografia.

Ijumaa, 7 Julai

Amepokea. Ilikuwa malaria kali, damu ya Joy ilishuka sana, wamemwongezea. Simu ilikuwa imezimika kule wodini. Joy ameomba soda. Nilimwambia Mama akakaa chini palepale kwenye ngazi ya mlango, na midomo yake ikaacha kuhesabu.

Jumamosi, 8 Julai

Nimeandika hivi, na Muturi alinipa kompyuta ya pembeni ili mtu asinisumbue:

"Wanamundu, Mwalimu Wakoli amefariki. Alifariki mwezi wa Mei, kwa ugonjwa huu wetu. Mkewe ameniruhusu kusema. Najua kuna watoto wanaosoma. Mimi pia ni mtoto ninayesoma, na kutokujua kumenitisha kuliko kujua. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Someni tena hiyo namba. Nilidhani akifa nitaona kwamba hatuvuki. Lakini arobaini na tatu ni mbali sana kutoka hapa nilipo."

Bado naogopa. Nilikuwa naogopa hata nikiandika hilo la mwisho. Lakini ni kweli.

Jumamosi, 15 Julai

Barua zimejaa ukurasa. Wameandika majina. Kila mtu ametaja wake: mwana, dada, mume, wale wote tuliodhani wamechoka na sisi. Msichana wa vitendawili aliitwa Emmaculate. Mama yake bado yumo kikundini, alikuwa akitusoma muda wote huu bila kusema.

Sista Rosaline amerudi. Amemtoa Daktari Mkombozi na amerudisha kizuizi. Ameandika kwamba kanuni imeondoka, na kwamba asiyeitikia hataondolewa kwenye orodha mpaka mtu ampigie simu. Kwa kuwa nambari ninazo mimi, mtu huyo ni mimi.

Mimi, ambaye hata kwenye duka la dawa Mama ndiye huongea kwa niaba yangu.

Jumamosi, 22 Julai

Mvua tangu asubuhi. Nilibaki saiba mpaka saa ya kufunga. Wote wameitikia isipokuwa Hiram.

Muturi alisema labda kijana amelala. "Si ni Jumamosi, na yeye ni wa chuo." Lakini alikuwa ameshanyanyua kiti changu ili afagie, na alikiweka chini tena.

Nimerudi nyumbani. Mama amenipa simu yake na amefunga redio bila kuambiwa. Nilipata nambari ya Molo. Niliitazama mpaka mwanga wa simu ukazima, nikauwasha, ukazima. Nilifikiria kila jibu linaloweza kutoka upande ule, na moja tu lilikuwa zuri. Nikapiga.

Iliita sana. Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti ya mtu asiyelala.

"Shikamoo mama. Mimi ni Edah. Namwulizia Hiram."

"Edah wa wapi?"

"Wa Kitale. Wa kikundi."

Akavuta pumzi, nami nikafumba macho.

"Tuko hospitali naye," akasema. "Ni siku mbaya. Lakini tangu asubuhi anauliza kama kuna mtu amepiga. Ngoja nimshikie simu sikioni, mikono haiwezi."

Nilisikia hatua zake, mlio wa kitanda, kisha pumzi fupifupi karibu sana, pumzi ninazozijua. Mambo yote niliyopanga kusema yalitoroka.

"Hiram," nikasema, "maumivu yako wapi?"

Akaanza kunitajia.